Efrazia, aliyewapikia waliotaka kukonda

LUSHOTO, Julai 1976. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umeifunika mivinje, na Efrazia ameinama kwenye karo la saruji nyuma ya nyumba ya mapumziko. Mikono yake imezama hadi viwikoni katika maji yaliyolala kwenye bomba usiku kucha. Anafua shuka la tatu. Yamebaki kumi na moja.

Kijana mnene aliyevaa kaptula nyeupe na raba anapita akikimbia mbio fupi fupi kuzunguka bustani. Anahema kwa sauti. Huu ni mzunguko wake wa saba, na katika mizunguko yote saba hajamwamkia mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini.

"Pumzi ya kukimbia anayo," anasema Efrazia bila kuinua kichwa. "Ya shikamoo ndiyo hana."

Ng'ambo ya ua, hatua kama ishirini kutoka kwenye karo, kuna mlango wa kijani wa jikoni. Kwa miaka ishirini na mitano mlango huo ulifunguliwa na Efrazia, na usiku ukafungwa na Efrazia. Mwaka jana, mwezi wa Machi, alitolewa humo. Tangu hapo hajauvuka.

"Wakitaka kunirudisha jikoni leo, sirudi," anasema. Anakamua shuka kwa nguvu, kisha anaongeza, kwa sauti ya chini kidogo: "Hawajataka, lakini."

Efrazia alizaliwa Gare, mtoto wa nne wa wakulima wa viazi na maharage. Shule aliiacha darasa la pili mama yake alipougua. Akiwa msichana alichukuliwa kumenya viazi katika nyumba hii, wakati huo ikiwa ya Waingereza waliokuwa wakipanda mlimani kukimbia joto la Dar es Salaam na Tanga. Aliposhikishwa sufuria hakuiachia tena. Alijua kuoka mkate, kuchoma bata, kutengeneza mchuzi mzito wa siagi.

Uhuru ulipopatikana, nyumba ikaingia mikononi mwa shirika moja la umma. Wazungu waliondoka na vyombo vyao vya fedha, Efrazia akabaki na jiko. Siku ya bendera alilia, anasema, na hakuwa peke yake.

"Nilifikiri sasa nitawapikia watu wetu, nao watanijua kwa jina. Kwa jina walinijua, siwezi kusema uongo. Waliniita Ndugu Efrazia."

Wageni wa miaka ya kwanza walikula kila kilichowekwa mezani. Mabadiliko yalianza baadaye, mwaka wa sabini na moja au sabini na mbili, hakumbuki vizuri. Wakubwa wakaanza kufika wakiwa na barua za madaktari. Mmoja alikuwa na presha, mwingine sukari, mwingine magoti yamekataa kubeba tumbo. Wote waliambiwa neno moja: punguza mwili. Lushoto kuna hewa safi na vilima vya kupanda, kwa hiyo wakaja kupunguzia hapa.

Kila mmoja alikuja na njia yake, na kila njia ilipitia kwenye sufuria za Efrazia.

Mwaka wa sabini na mbili alijiunga na elimu ya watu wazima. Alisoma jioni katika darasa la kanisani, akiwa na wanawake wenzake kumi na sita. Kitu cha kwanza cha maana alichosoma mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila mwalimu kumshika mkono, hakikuwa barua wala kitabu cha sala. Kilikuwa karatasi iliyobandikwa ukutani jikoni: vyakula ambavyo mgeni wa chumba namba mbili hatakiwi kuvila.

Wageni ambao Efrazia hatawasahau walifika wiki moja ile ile, mwezi wa Februari mwaka jana.

Wa kwanza alikuwa Ndugu Fanueli, meneja wa shirika kutoka Dar es Salaam, mtu mrefu mwenye shingo nene na kicheko kikubwa. Alikuwa na kilo mia moja na nne. Daktari wake alimpiga marufuku ugali, wali, mkate, viazi, ndizi, sukari na bia. Nyama aliruhusiwa, na mayai, na samaki, na siagi, ale mpaka ashibe.

Wa pili alikuwa Bibi Marta, afisa wa elimu kutoka mkoa mwingine, mwanamke mpole mwenye miwani. Alikuwa na kilo tisini na sita. Yeye alikuja na kijitabu. Kijitabu kilikataza mafuta ya kila aina. Kuku atolewe ngozi, yai litolewe kiini, maziwa yatolewe malai, mboga zichemshwe tu. Ugali aliruhusiwa, lakini donge lisizidi ngumi yake mwenyewe.

Siku ya kwanza mezani wakaanza kubishana.

"Dada yangu, wewe unajilisha majani kama sungura," Fanueli alimwambia. "Kinachonenepesha ni unga. Umewahi kumwona simba mwenye kitambi?"

"Na wewe umewahi kuona mtu akala siagi kwa kijiko akakonda?" Marta alimjibu. "Mafuta ni mafuta. Yakiingia mwilini yanakaa mwilini."

Wakakubaliana kushindana. Wiki nne, kila mtu na njia yake, na kila Jumamosi asubuhi watapimwa kwenye mizani ya ghalani, ile ya magunia ya viazi. Msimamizi wa nyumba, Ndugu Nathanaeli, akapewa kazi ya kuandika kilo katika daftari.

"Mimi nilikuwa napika vyungu viwili," anasema Efrazia. "Huku nyama inaelea kwenye mafuta, huku kabichi inaelea kwenye maji. Na wote wawili walinilaumu kwamba chakula hakina ladha."

Wiki ya kwanza Fanueli alipungua kilo nne. Alizunguka bustani nzima akipiga kifua. Marta alipungua kilo moja na nusu tu, akaenda chumbani na hakutoka mpaka saa nane.

Wiki ya pili mambo yakaanza kugeuka. Fanueli alipungua mbili. Kinywa chake kilianza kunuka, kichwa kikamuuma, na choo kikawa kigumu hata akatuma watu mjini kumtafutia dawa. Alikuwa mkali kwa kila mtu. Marta alipungua moja na nusu ile ile. Kila asubuhi alitembea njia ya Magamba kwenda na kurudi akiwa amejifunga kitenge, na alirudi akitabasamu.

Alasiri moja ya wiki ile ile, Efrazia aliingia jikoni na kumkuta Bibi Marta amesimama nyuma ya kabati, mkate baridi mkononi, mashavu yamejaa.

"Hakuweza kusema. Machozi yalimtoka. Nikamwambia, mama, tafuna pole pole, usije ukapaliwa. Nikamletea maji. Akaniambia anaota maandazi kila siku, anaota anayachovya kwenye chai. Akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu."

Wiki ya tatu Fanueli alipungua nusu kilo, Marta moja na nusu. Wiki ya nne Fanueli nusu tena, Marta mbili. Ukijumlisha, bwana wa nyama alipungua kilo saba, mama wa majani kilo sita na nusu.

"Nusu kilo ndiyo waliyogombania mwezi mzima," anasema Efrazia.

Mwandishi wa makala hii alimuuliza: wewe uliyewapikia wote, njia ipi ni bora? Akapangusa mikono kwenye khanga.

"Hakuna uchawi. Huyu ukimnyima ugali, anakinai nyama, anakula kidogo. Yule ukimnyima mafuta, chakula hakipiti, anakula kidogo. Wote wawili walikula kidogo kuliko walivyozoea. Ni hilo tu. Ila njia ya yule mama mtu anaweza kuishi nayo, kwa sababu alikuwa anatembea na bado anakula ugali. Ndugu Fanueli alirudi hapa Novemba ana kilo mia moja na tisa."

Haya yote Efrazia anayasimulia bila chuki. Sauti yake inabadilika anapofika kwenye sahani zilizokuwa zikirudi jikoni.

Februari ile nchi ilikuwa katika njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili. Watu walikuwa wanakula unga wa yanga, mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli, na hata huo haukutosha. Binti yake wa pekee, Filomena, ameolewa chini nyikani. Septemba ya mwaka wa sabini na nne kaya yao ilihamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mombo. Mihogo waliyoiacha shambani ililiwa na nguruwe pori. Kijijini waligawiwa unga kwa kipimo, kilo moja kwa kila mtu mzima kwa wiki, na kuna wiki lori halikufika.

Filomena alikuwa na mtoto mmoja, Tobia, mwenye mwaka mmoja na nusu. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Alilishwa uji wa yanga mwembamba, na alianza kuvimba miguu.

"Nilishuka kumwona mwezi wa Januari," anasema Efrazia. "Nywele zake zilikuwa zimebadilika rangi, nyekundu nyekundu. Nilimpakata, nikaona hana uzito wa mtoto. Alikuwa hachezi. Ananitazama tu."

Alirudi mlimani, na mwezi uliofuata akakuta vyungu viwili vinamsubiri.

Posho ya jikoni ilitolewa kwa hesabu ya vichwa. Kila mgeni alipangiwa nyama, mayai, maziwa, mkate, viazi, unga na siagi, awe anavila au havili. Alichokataa Fanueli kilibaki: mkate, viazi, unga. Alichokataa Marta kilibaki: viini vya mayai, malai, mafuta, ngozi za kuku.

"Nilikuwa naviweka pamoja kwenye sinia," anasema. "Alichokataa huyu na alichokataa yule, ukiunganisha, ni chakula kamili cha mtu mzima. Kila siku ya Mungu. Na kila siku kinafukiwa."

Kilifukiwa kwa sababu ndiyo ilikuwa kanuni. Mabaki yote yalitakiwa kuingia shimoni nyuma ya ghala mbele ya macho ya msimamizi, ili wapishi wasipate hamu ya kupika zaidi makusudi. Efrazia alikwenda kwa Nathanaeli kuomba ruhusa. Akakataliwa. Akaenda kwa wageni wenyewe, akawakuta barazani wakinywa chai isiyo na sukari.

Fanueli alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba nchi inajenga moyo wa kujitegemea, na kwamba mwananchi akizoeshwa makombo hatashika jembe. Alisema kwa upole, Efrazia anakumbuka. Hakumfokea.

Marta alimaliza chai yake. Baadaye alimfuata jikoni.

"Mama Efrazia, changu mimi chukua," alimwambia. "Mjukuu wako ale. Mimi nimekuruhusu."

Basi akachukua. Alichemsha viazi vya posho ya Marta, akaviponda na viini vya mayai na malai, akaviweka kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Jumanne na Ijumaa alimpa Salimu, dereva wa lori la mboga linaloteremka Mombo. Filomena alitembea kutoka kijijini kulipokea, mtoto mgongoni.

Salimu, ambaye bado anaendesha lori lile lile, anakumbuka. "Mtoto alikuwa anakula pale pale kando ya barabara. Mama yake anamlisha kwa kidole. Wiki ya tatu nilimwona anacheka. Alinishika ndevu."

Uvimbe wa miguu ulianza kupungua. Efrazia alipata habari hizo kwa Salimu kila Ijumaa jioni, na anasema zilikuwa siku nzuri za mwisho alizokuwa nazo.

Alhamisi ya wiki ya nne, saa tatu asubuhi, Nathanaeli alifungua kikapu cha Efrazia.

Kikao kilifanyika siku ile ile katika chumba cha kulia chakula. Nathanaeli alikaa mwisho wa meza. Wafanyakazi wengine watano walisimama ukutani. Kwa kuwa Fanueli alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwepo, aliombwa aongoze. Marta aliketi mahali pake pa kila siku, mbele yake sahani yenye vipande vya papai.

Kopo liliwekwa katikati ya meza na kufunuliwa.

"Mtazameni mwili wake," Nathanaeli alisema. "Nchi nzima imekonda. Yeye mwili huu ameupata wapi, kama si humu ndani?"

Ni kweli kwamba Efrazia alikuwa mnene, kama mama yake na dada zake wote. Kule Gare walikuwa wakitaniwa kwamba mlango wao ulijengwa mpana. Kabla ya njaa hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Mwaka wa njaa likawa ushahidi. Kanisani watu walianza kumtazama tumbo badala ya uso, na jirani mmoja aliacha kumsalimia.

"Nikasema, nipimeni."

Wakatazamana. Akarudia. Mizani ya ghalani ilipoletwa nyumbani hapo, Juni ya mwaka wa sabini na tatu, wafanyakazi wote walipanda kwa mzaha, na Nathanaeli aliandika kilo zao kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lile lile la mashindano. Mpishi, themanini na nane.

Walikwenda ghalani wote. Efrazia akavua kandambili akapanda. Nathanaeli alisogeza vyuma vya mizani, akavisogeza tena kana kwamba haamini, kisha akasoma kwa sauti ndogo: sitini na tisa.

Kilo kumi na tisa, katika misimu miwili ya njaa. Chakula chake mwenyewe cha mchana, ambacho wafanyakazi walipewa kwa haki, nacho alikuwa anakigawa nusu na kukitia katika kopo.

Halafu Fanueli akacheka kile kicheko chake kikubwa.

"Mama, umetushinda sote! Tuambie, umetumia njia gani?"

"Nilishuka," anasema Efrazia, "nikatafuta kandambili zangu. Mguu mmoja ulikuwa hauingii."

Waliporudi mezani, Efrazia alimgeukia Bibi Marta. Alimwambia mbele ya wote: mama, si wewe uliyeniruhusu? Waambie.

Marta alikuwa anakata papai. Aliendelea kulikata, vipande vidogo, vikawa vidogo zaidi. Alisema hakumbuki kutoa ruhusa ya namna hiyo, na kwamba hata kama alisema neno la huruma, hakukusudia kanuni ivunjwe.

"Ningeweza kusema habari ya mkate," anasema Efrazia. "Ilinijia mpaka hapa." Anagusa koo. "Nikaimeza. Niliona aibu kwa niaba yake. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri."

Uamuzi ulisomwa na Fanueli. Mali ya umma ni mali ya umma, alisema, hata ikiwa ganda la kiazi. Lakini kwa kuwa ndugu huyu ametumikia muda mrefu, hatafukuzwa. Atakaa nyumbani wiki tatu bila mshahara, kisha atarudi kama mfuaji.

Wiki tatu.

Efrazia alishuka Gare. Shamba lake dogo lilikuwa na kabichi na karoti, viazi vilikuwa vimeoza na ugonjwa. Alimpa Salimu kabichi nne na karoti fungu moja. Ijumaa iliyofuata alimpa kabichi tena, na unga kidogo wa bada, wa muhogo mkavu, aliokopa kwa dada yake.

"Kabichi!" anasema, na kwa mara ya kwanza anapandisha sauti. "Chakula cha kumkondesha Bibi Marta ndicho nilichomtumia mtoto mwenye njaa. Nilijua. Nimekipika mwezi mzima, najua kinafanya nini. Lakini nilikuwa na nini kingine?"

Salimu anasema Filomena alilifungua furushi pale barabarani, akalitazama, akalifunga. Aliuliza kama hakuna kopo. Akamwambia hakuna. Jumanne ya pili alikuja tena, akauliza tena.

Tobia aliharisha siku nne. Walimfikisha hospitali siku ya tano, wakimbeba kwa zamu Filomena na mumewe. Alikufa siku ya Jumatano kabla ya saa sita mchana. Efrazia alipata habari kesho yake, na Salimu ndiye aliyempelekea. Alizima lori barabarani akapanda kwa miguu mpaka nyumbani kwake, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Nilipomwona anapanda kilima nilijua. Nikamwambia, usiseme. Kaa kwanza upumzike."

Wiki moja baadaye likizo yake ya adhabu ilikwisha, akarudi kazini, akaonyeshwa karo.

Mwandishi alimwona Nathanaeli ofisini kwake. Ni mtu mwembamba, ana watoto sita, na hakukataa kuzungumza. "Ningemwachia yeye, ningeondoka mimi," alisema. "Kanuni sikuitunga." Alipoulizwa kama alijua habari za mtoto, alisema alijua baadaye. Kisha akafunga dirisha, ingawa hakukuwa na upepo.

Bibi Marta hajarudi Lushoto. Aliandika barua moja tu, mwezi wa Juni mwaka jana, kumjulia hali Efrazia. Alieleza kwamba anaendelea na njia yake na amerudisha kilo tatu tu. Efrazia aliisoma mwenyewe mara mbili. Hakuijibu.

Jambo moja alilifanya siku aliyorudi kazini. Alimwomba mpishi mpya, kupitia dirishani, karatasi mbili zilizokuwa bado zimebandikwa ukutani. Ya Fanueli na ya Marta. Mpishi mpya alikuwa na wageni wapya wenye njia mpya, akampa.

Sasa kila Jumatano, siku yake ya mapumziko, Efrazia anakwenda kwenye kliniki ya watoto anakoitwa na muuguzi mmoja aliyesikia habari zake. Wanawake thelathini, wakati mwingine arobaini, hukaa kwenye majani na watoto mapajani. Yeye anafunua karatasi zile na kuwasomea.

"Nawaambia, wakubwa wetu wamelipa madaktari wawaambie kinachonenepesha ni nini. Sisi tumepata bure. Karatasi hii inakataza viazi, unga, ndizi, sukari. Mpe mtoto. Hii inakataza mafuta, malai, kiini cha yai, ngozi ya kuku. Mpe mtoto. Changanya. Ponda. Usimpe uji wa maji matupu. Mmoja aliniuliza, kwani hao wakubwa walikuwa wagonjwa? Nikamwambia ndiyo, walikuwa wagonjwa. Ni ugonjwa wa kweli, nimewaona wakihema ngazini. Lakini lile shimo lilikuwa limejaa dawa ya mtoto wangu."

Muuguzi anasema tangu Efrazia aanze, watoto wanne waliokuwa na hali mbaya wameongezeka uzito. Efrazia mwenyewe haitaji idadi hiyo. Anapoitajiwa huitikia kwa kichwa tu.

Mwili wake haujarudi. Anavaa magauni yale yale ya zamani, ameyabana kiunoni kwa pini. Wageni wengine wanaomkuta kwenye karo humsifia kwamba ana umbo zuri kwa umri wake, na wake zao humuuliza siri. Anawaambia maji ya baridi.

Saa sita mchana amekwisha anika. Jua linawaka, mashuka yanapepea kamba tatu. Anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutoa kiazi kitamu kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

Filomena ana mimba ya miezi saba. Efrazia ameongeza chumba nyumbani kwake Gare, kuta zimekwisha kandikwa, bado mlango. Amenunua mbuzi jike mwenye maziwa, na mwingine amekopeshwa na dada yake. Jumamosi hii Salimu atampandisha Filomena kwenye lori, kiti cha mbele, kwa sababu barabara ya Mombo ina kona nyingi na tumbo limekuwa kubwa.

Kuna tatizo. Filomena ameandikishwa kijiji cha nyikani, na mwenyekiti amekwisha tuma neno kwamba mkazi hawezi kuondoka kijijini miezi mingi bila kibali. Mumewe naye anataka mke arudi baada ya arobaini.

"Nimemwambia mkwe wangu, kwa heshima zote, baba, nisamehe. Mtoto atazaliwa hapa juu na atakaa hapa juu," anasema Efrazia. "Unakiona kilima kile cha kwenda kanisani? Mtoto wa miaka miwili mwenye afya anakipanda mwenyewe, anashikwa mkono tu kwenye mawe. Siku nikimwona mjukuu wangu amefika juu kwa miguu yake, siku hiyo mama yake ataruhusiwa kushuka."

Anatafuna, anameza, anakunja jani la mgomba.

"Kabla ya siku hiyo hashuki, hata aje mwenyekiti na barua yenye mhuri."